Panda Kwanza, Teremka Baadaye

Leo nazungumza habari za choo, kwa hiyo kama uko mezani, maliza kula kwanza. Nitakusubiri.

Kiswahili kina adabu zake katika jambo hili. Tunasema msalani, tunasema maliwato, tunasema kwenda haja. Marehemu bibi yangu kule Pangani alikuwa akisema tu "naingia nyuma mara moja", na kila mtu akaelewa. Sizidharau adabu hizo. Ila bomba likiziba, maji yakaanza kupanda pale yalipotakiwa kushuka, maneno ya adabu hayazibui kitu. Siku hiyo inakubidi ujue kila kitu kinaitwaje na kinapita wapi.

Ninaishi Plaistow, mashariki ya London, katika zile nyumba kongwe zilizobanana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima kama viberiti vilivyopangwa dukani. Choo chetu kikubwa kiko juu, ghorofani. Aliyekuwa na nyumba kabla yetu alibana choo kingine kidogo chini ya ngazi, mahali ambapo watu wengine huweka mafagio na viatu vya mvua. Miaka miwili ya kwanza hatukukijali. Thamani yake niliiona Mama alipokuja kututembelea. Magoti yake hayapatani na ngazi, na ngazi zetu ni kumi na tatu. Kila moja akiikanyaga ina neno lake. Basi choo cha chini kikawa cha Mama.

Sasa choo kile si kama hivi ulivyozoea. Choo cha kawaida, huko nyumbani na huku pia, kinategemea mteremko. Unavuta maji, uchafu unaanguka kwenye bomba pana la milimita 110, lile ambalo mafundi wa Dar es Salaam wanaliita bomba la inchi nne, kisha unajiendea wenyewe hadi kwenye chemba, na kutoka chemba hadi kwenye karo au bomba la mji. Hakuna umeme, hakuna mota. Dunia inavuta, maji yanafuata.

Lakini chini ya ngazi zetu bomba la inchi nne haliwezi kufika mpaka uvunje sakafu ya jikoni yote. Ndipo inapoingia mashine. Ni sanduku la plastiki, kubwa kidogo kuliko ndoo, limekaa nyuma ya choo. Waingereza wanaiita masereta. Ukivuta maji, uchafu na karatasi vinaingia ndani ya sanduku, maji yakifika kimo fulani yanasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinabonyeza swichi, mota inawaka, visu vinasaga kila kitu kikawa kama uji mwepesi, na pampu inausukuma uji huo kwenye kibomba chembamba cha milimita 22. Milimita 22! Ndani kabisa nafasi ni kama milimita 20 tu. Ukilinganisha na lile bomba la inchi nne, eneo la njia limepungua kama mara ishirini na tano.

Mashine hizi zilianza Ufaransa. Kampuni ya SFA ndiyo iliyoanza nazo mwaka 1958, na chapa yake ya Saniflo imezoeleka hapa Uingereza hata watu huliita kila sanduku la namna hii kwa jina hilo, kama ambavyo sisi tuliwahi kuita kila dawa ya meno Kolgeti. Yangu ni ya mtengenezaji mwingine, na wala simlaumu. Utaona mbele kwamba mashine haikuwa na kosa.

Wiki ya tatu tangu Mama afike, sauti ilibadilika. Hapo awali mashine ilikuwa ikinguruma sekunde chache, kama ile ya kukamulia miwa pale stendi, kisha ikanyamaza. Sasa ikawa inanguruma dakika nzima, inapumzika, inarudia. Usiku wa manane ikajiwasha yenyewe, hakuna mtu chooni. Mama akaniita asubuhi.

"Mwanangu, hicho choo chenu kinaongea peke yake."

"Ni mashine tu, Mama."

"Najua ni mashine. Nakwambia inaongea kama mtu aliyekabwa."

Na kwa kweli alikuwa ameshautaja ugonjwa. Nikueleze hapa, kwa sababu wengi wenye choo hiki hukimbilia kununua mashine mpya kabla ya kuisikiliza ile waliyo nayo. Mota ikiunguruma kwa sauti ya chini bila kuzunguka, kuna kitu kimekwama kwenye visu: kitambaa, uzi wa meno, kifuniko cha dawa. Mota isipotoa sauti kabisa, angalia umeme na ile swichi ya kiwambo. Ikijiwasha kila baada ya dakika chache wakati hakuna aliyevuta maji, ama tangi la choo linavuja polepole, ama ile valvu ya kuzuia maji yasirudi imechoka, hivyo maji yaliyokwisha kupanda yanarudi sandukuni na mashine inayasukuma tena, usiku kucha, kama mtu anayeteka maji kwa pakacha. Na ikizunguka vizuri, kwa sauti yake ileile, lakini kwa muda mrefu na maji hayaondoki, basi mashine ni nzima. Bomba ndilo limekabwa.

Yangu ilikuwa na hiyo ya mwisho, pamoja na kidogo cha ile ya kujiwasha.

Kosa nililokaribia kulifanya ni hili. Jirani alinipa chupa ya dawa kali ya kuzibulia sinki, yenye kostiki soda. Nilikuwa nimeshafungua kizibo. Bahati nzuri nilimpigia simu kwanza mzee mmoja Mbarawa tunayesali naye, fundi bomba aliyestaafu, tunamwita Ami. Alikaa kimya kidogo.

"Hiyo dawa ukiimwaga, itakula mipira ya mashine," akasema. "Na bomba likiwa limeziba haitakwenda kokote. Itabaki sandukuni inakusubiri. Kesho ukifungua, itakurukia usoni. Mimi sifungui mashine iliyotiwa dawa, mwanangu. Funga chupa, nakuja."

Alikuja Jumamosi, akiwa na glavu ndefu na taulo kuukuu chungu nzima. Jambo la kwanza alilofanya hakulifanya chooni. Alikwenda kwenye kile kisanduku cha umeme ukutani, maana mashine hizi hazichomekwi kwa plagi ya kawaida bafuni, akazima swichi, akachomoa fyuzi na kuitia mfukoni mwake. "Swichi mtoto anaweza kuiwasha," akasema. "Fyuzi ya mfukoni haiwaki."

Tulichota maji ya bakuli la choo kwa kopo mpaka yakaisha. Halafu tukalifuata bomba. Hapo ndipo nilipoona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeishi na bomba lile miaka miwili na sikuwahi kujua linapita wapi.

Lilikuwa limefichwa nyuma ya ubao wa chini ya ukuta. Lilitoka kwenye mashine, likalala sakafuni, likapiga kona kali kushoto, likafuata ukuta wa jikoni mita sita hivi, likazama chini ya kizingiti cha mlango wa nyuma, likaibuka, likapiga kona kali nyingine, na huko mwisho kabisa, karibu na bomba kuu la wima lililo nje ya nyumba, ndiko lilikopanda mita moja na nusu na kuingia. Kona kali nilizozihesabu zilikuwa sita. Klipu za kulishikilia zilikuwa chache mno; kati ya klipu na klipu bomba lilikuwa limelegea na kunepa kama kamba ya kuanikia nguo.

Ami alilikata pale chini ya kizingiti, ndoo imekingwa. Sitaeleza kilichotoka. Kipande kilichokatwa alikisafisha kidogo akanionesha mdomo wake. Maji ya London ni maji ya chokaa. Angalia birika lako la umeme ukiwa huku, utaona. Chokaa hiyo ikikutana na mkojo hujenga ukoko wa kahawia ndani ya bomba. Juu ya ukoko kulikuwa na nyuzinyuzi za karatasi zilizosagwa, zimeshikana kama kitambaa. Tundu lililobaki katikati lisingepitisha kidole changu kidogo.

"Tulizibue, litapita," nikasema.

"Tutalizibua, na litapita," akajibu. "Baada ya mwaka utaniita tena. Hili bomba halikuzibwa na uchafu. Limezibwa na aliyelipitisha huku."

Nisikufiche, sikumwelewa. Uchafu ninauona kwa macho, yeye ananiambia habari ya njia. Nilimwelewa jioni, nilipotoka kunyoosha miguu.

Karibu na kwetu kuna njia ya waenda kwa miguu iitwayo Greenway. Imeinuka juu ya mitaa, imenyooka, watu wanakimbia na baiskeli zinapita. Chini yake hakuna udongo mtupu: kuna mabomba makuu ya maji taka ya kaskazini mwa London, yaliyojengwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Mwaka 1858, karne moja kamili kabla ya ile mashine ya Wafaransa, mto Thames ulinuka vibaya mno majira ya joto hata Bunge lililo kando yake likashindwa kuvumilia, na ndipo Bazalgette akapewa fedha na ruhusa. Alichimba mifereji ya kukusanya maji taka ya mji mzima na kuyapeleka mashariki, mbali na watu. Wakati huo mashariki ya mbali ndiyo huku kwetu.

Tatizo lake lilikuwa lilelile la chini ya ngazi zangu. Maji yanateremka vizuri, lakini yakiteremka umbali mrefu yanafika chini sana, hayana pa kutokea. Basi mahali pamoja, Abbey Mills, alijenga jumba la pampu za mvuke, likakamilika mwaka 1868. Jumba zuri, lina mapambo kama la mfalme, unaliona ukipita Greenway kuelekea Stratford. Kazi yake ilikuwa moja: kuyapandisha maji taka ya mabomba ya chini kwa mkupuo mmoja hadi kwenye bomba la juu. Baada ya hapo, pampu haihusiki tena. Maji yanateremka yenyewe hadi Beckton.

Nikasimama pale katikati ya njia, baiskeli zinanipigia kengele. Yeye aliyapandisha kwanza, kisha akayaachia mteremko. Aliyejenga choo changu aliyalaza kwanza, akayatosa chini ya kizingiti, kisha mwisho wa safari, pumzi imekwisha, ndipo akayataka yapande.

Fikiria kinachotokea. Mota ikizima, maji yaliyomo bombani hayatoweki. Yale ya kwenye kipande kinachopanda yanataka kurudi, valvu inayazuia, basi bomba lote lililolala nyuma yake linabaki limejaa. Mita moja ya bomba la milimita 22 inabeba kama theluthi ya lita. Langu lilikuwa na mita saba na nusu kwa jumla: zaidi ya lita mbili za uji wa choo zimelala tuli, usiku na mchana, kati ya mvuto mmoja na mwingine. Uji ukilala, uzito unazama. Kila siku tabaka jembamba. Pale penye kunepa na pale chini ya kizingiti ndipo palipojaa kwanza.

Ukilipandisha bomba palepale kwenye mashine, mambo yanageuka. Kipande kinachobaki na maji ni kile cha wima tu, chini ya lita moja, na mashapo yake yote yanazama mahali pamoja: chini, mbele ya pampu, ambako mkupuo unaofuata utayakuta yakiwa ya kwanza kusukumwa. Sehemu ndefu ya juu inajikausha yenyewe. Hilo ndilo Ami alilokuwa akiniambia.

Jumapili tukalijenga upya. Kwa wenye choo cha namna hii, hapa fungua masikio, maana kila fundi mzuri ana mambo haya kichwani.

Tulianza kwa kutafuta njia wala si kwa kununua bomba. Kutoka nyuma ya mashine tukaruhusu sentimita 30 tu za mlalo, basi, halafu bomba likasimama wima kwenye pembe ya ukuta hadi mita mbili na sentimita 20. Mashine nyingi za nyumbani zinaweza kusukuma maji hadi mita nne juu, kwa hiyo hatukuichosha. Lakini jua kwamba kila mita unayopanda inakula masafa ya mlalo. Kanuni ya mafundi ni kuhesabu mita moja ya kupanda sawa na mita kumi za kulala. Soma kijitabu cha mashine yako, kila moja ina vipimo vyake.

Kutoka kileleni, bomba likaelekea nyuma ya nyumba juu ya makabati ya jikoni. Na hapa ikazuka kesi ambayo hata Bazalgette hakuwahi kuipata. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Maji ya chooni yapite juu ya sufuria zangu?"

Ami akamjibu kwa upole kwamba bomba likiungwa vizuri halivuji.

"Na la kwanza liliungwa na nani? Na shetani?"

Hoja yake ilikuwa nzito, na nadhani mafundi wengi wanaume huipuuza. Tukakubaliana hivi: juu ya jiko na juu ya sinki kipite kipande kimoja kirefu kisicho na kiungio hata kimoja, viungio vyote vianguke chini ya ngazi au karibu na ukuta wa nje, na bomba lote lifunikwe kwa sanduku la mbao lenye kifuniko cha kufungua kwa skrubu. Akatia saini, tuseme hivyo. Sanduku lenyewe sasa limepakwa rangi na juu yake kumewekwa mitungi ya udongo.

Mteremko tuliupa sentimita moja na nusu kwa kila mita. Sentimita moja kwa mita ndiyo ya chini kabisa, usiishie hapo ukiwa na nafasi. Usikadirie kwa jicho; tumia pimamaji. Klipu tuliziweka karibu karibu, kama kila nusu mita, kwa sababu bomba la plastiki likipata joto linalegea, na pale linaponepa ndipo kizibo kijacho kitakapozaliwa.

Kona kali tuliziacha zote dukani. Palipohitaji kona tuliweka bendi mbili za nyuzi 45 na kipande kifupi kilichonyooka katikati, maji yapinde kama dereva wa basi anavyochukua kona, taratibu, kwa upana. Viungio ni vya gundi. Vile vya kusukuma kwa mkono tu si vya kazi hii, kwa sababu pampu inapiga kwa nguvu kila siku na kiungio kinaweza kuchomoka. Ukipenda shaba, ni sawa pia. Chini ya kile kipande cha wima tuliweka koki ya kufunga ambayo ikifunguliwa tundu lake ni pana sawa na bomba, pamoja na kitobo cha kumwagia. Siku mashine itakapotakiwa kutolewa, maji ya juu yatafungwa na hakuna atakayeoga. Koki hiyo ni bei ya sahani mbili za biriani, na wengi hawaiweki.

Huko nje, kwenye bomba kuu la wima, tulitoboa tundu jipya na kuvisha kiungio kinachokumbatia bomba. Angalia usitoboe mkabala na bomba jingine linaloingia, maana maji ya huku yatarushwa kule. Tulishuka sentimita 20 na ushei chini ya lile la bafu. Sehemu iliyo nje tuliivika sponji nene, kwa sababu ya barafu. Na kama kwako bomba likishapanda lazima lishuke tena hadi chini ya usawa wa mashine, weka valvu ya hewa pale kileleni, la sivyo maji yanayoanguka yatafyonza yaliyo nyuma yake na kuvuta hata maji ya bakuli. Letu halikuhitaji, linaingia juu.

Nilifanya kosa moja. Gundi haijakauka vizuri nikataka kujaribu. Ami alinishika mkono, akaniambia tunywe chai. Tulikunywa chai mara mbili.

Jaribio lenyewe alilibuni Mama. Alikuwa amekuja na rangi nyekundu ya kupikia ubuyu, akakoroga kijiko kwenye bakuli la choo, akakaa kiti mlangoni na mkono kwenye kitufe. Ami akarudisha fyuzi yake. Mimi nje nilikuwa nimefunua mfuniko wa chemba, nimeinama kama ninayetafuta pete. Nikasikia mashine ikinguruma, fupi, safi. Kisha maji mekundu yakapita chini yangu.

"Yamekuja!" nikapiga kelele. Jirani wa pili akachungulia dirishani. Sijui alifikiri nini.

Kuna wasikilizaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura wanaouliza, haya yanatuhusu nini sisi wenye karo? Sikuombi ununue mashine hii. Kama una mahali pa kupitisha bomba la inchi nne kwa mteremko, pitisha, na uachane na mota. Umeme ukikatika choo cha mashine kinakuwa pambo, na hata Waingereza wenyewe hawaiamini sana: kanuni zao za ujenzi zinaruhusu choo cha mashine endapo tu nyumba ina choo kingine kinachotumia mteremko. Mimi ningesema hivyohivyo. Ni msaada kwa mgonjwa au mzee asiyeweza ngazi, si choo cha familia.

Ila bomba lililonepa, kona kali mbili zilizofuatana bila chemba, fundi aliyelaza bomba kwa kukadiria kwa jicho halafu akafukia haraka kabla mwenye nyumba hajafika, hayo hayahitaji mashine wala London. Nimeyaona Tanga kwa macho yangu. Kabla fundi hajafukia, mwombe pimamaji, weka wewe mwenyewe juu ya bomba. Asipokuwa nayo, usimlipe siku hiyo.

Na jambo jingine, dogo, lakini limeniudhi. Ami alipofungua sanduku la mashine ili kukagua visu, alikuta vimezungukwa na waipsi, vile vitambaa vya majimaji vya kufutia watoto. Si vyetu. Sisi hatuvitumii, kwetu kuna kopo la maji, kama ilivyo desturi, na nikwambie, mashine hii inawapenda wanaotumia maji, maana karatasi inayoingia ni kidogo. Ni vya mgeni mmoja aliyekuja na mtoto, simtaji. Kwenye pakiti nyingine huwa wameandika kwamba vinaweza kuvutwa chooni. Visiaminiwe. Karatasi ya choo ikilowa inaachana. Waipsi ikilowa inajisokota ikawa kamba. Mwaka 2017, chini ya Whitechapel, si mbali na hapa, kulikutwa donge la mafuta na vitambaa hivyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Lilichukua wiki tisa kuliondoa, na kipande chake kikawekwa makumbusho watu wakapanga foleni kukitazama.

Mama alirejea Pangani mwezi wa tatu. Kabla ya kuondoka alinunua pipa dogo lenye kifuniko, akaliweka mwenyewe chini ya ngazi, upande wa kulia wa choo. Basi ukija kutusalimu, karibu sana, chai ipo. Ukiwa na waipsi, tafadhali, tupa humo.